Malai ya Harusi ya Wafiya

Jioni, Nashmiya alikamua nyati wake wa kufugwa, akachemsha maziwa kwa moto mdogo, akayamimina kwenye sinia pana. Sinia aliliweka ukingoni mwa kisiwa chao cha matete yaliyoshindiliwa majini, penye upepo. Maziwa yakitulia hadi asubuhi, juu yake huganda malai mazito ya kukatwa kwa kisu. Malai ya Nashmiya yalisifiwa bwawa zima.

Lakini mwezi ule malai yaligoma. Kila asubuhi alikuta vipande vipande vinaelea. Na Alhamisi binti yake Wafiya anaolewa! Kesho yake, mama wa bibi harusi hupeleka malai kwa wakwe. Nashmiya angepeleka nini?

"Mama mkwe wako ana mdomo, mwanangu," alimwambia Wafiya. "Nikipeleka uji huu, atakusimanga mpaka unazeeka."

"Labda ni jicho baya, mama."

"Ni jini! Nikimkamata, atanitambua."

Mara ikasikika injini. Jasib, mume wa Nashmiya, alikuwa anarudi kutoka sokoni kuuza samaki. Boti yake, iliyofungwa injini mpya mwezi ule, ilikuja mbio, mbele imeinuka juu, nyuma imezama. Yeye mwenyewe alisimama kifua mbele. Alipofika mlangoni akazima injini ghafla.

Boti ilitulia. Mawimbi hayakutulia. Yaliipita boti, yakapiga kisiwa, na matete yakatikisika chini ya miguu. Maziwa yakamwagika nje ya sinia. Huko nyuma, jirani yao Mutashar, fundi wa injini, alikuwa ameng'ang'ania mtumbwi wake mdogo ulioyumba na kujaa maji.

Mutashar alifika amelowa hadi kilemba.

"Shemeji," alisema, "nilisikia unamtafuta jini. Huyo hapo, ana masharubu."

"Mimi?" Jasib alifoka. "Mimi nikifika mlangoni nazima kabisa!"

"Unazima wewe. Mawimbi uliyoyaanzisha kule nyuma hayana habari. Yanakufuata, yanaingia nyumbani kabla yako."

"Maneno tu. Mbona sijawahi kuyaona?"

"Utayaonaje, na hujawahi kugeuza shingo?"

Nashmiya alimsukumia mumewe mkeka. "Baba Wafiya, kaa hapa karibu na sinia. Fundi, chukua boti yake. Pita kama anavyopita yeye."

Jasib akakaa, akishika gilasi yake ya chai. Mutashar akapita mbio, akaenda zake. Jasib alicheka. "Mmeona? Kapita, hakuna ki..."

Wimbi likafika. Chai ikammwagikia kanzuni. Bonge la matete likameguka ukingoni, likazama mbele ya macho yake. Bonge lile alikuwa amelishindilia mwenyewe majira ya baridi, kwa mgongo wake.

Wafiya alijificha nyuma ya mlango akicheka.

Mutashar alirudi, safari hii polepole. Boti ililala sawa juu ya maji. Nyuma yake kulibaki mikunjo midogo tu, na maziwa hayakutikisika.

"Sikiliza, ndugu yangu," alisema. "Anza kupunguza mwendo mapema, kidogo kidogo, kabla hujafika penye nyumba. Kisha geuka utazame nyuma. Ukiona wimbi linavunjika matetani, bado unakwenda mbio. Ukikutana na mtumbwi, punguza, mpe nafasi. Mkondo ukiwa mwembamba, zidi kupunguza, maana mawimbi hayana pa kwenda ila kwenye nyumba za watu."

"Na mwendo wenyewe uwe gani?"

"Umeandikwa kwenye kibao cha polisi wa mto, pale mdomoni mwa mkondo. Si ndicho unachofungia kamba ya boti yako kila siku?"

Jasib alijikuna kichwa. "Kile? Nilidhani ni tangazo la simu."

Usiku haukuingia kabla hajawapitia wanaume wenzake wenye boti. Wengine walimcheka. Aliwaonyesha kanzu yenye chai, akawaambia, "Njooni mkae kwenye mkeka wangu." Walikaa mmoja mmoja, wakalowa mmoja mmoja, wakakubali.

Alhamisi jioni, boti za bwana harusi zilikuja kumchukua Wafiya. Vijana walikuwa wamepania kushindana mbio. Nashmiya alikuwa ametoka tu kumimina maziwa ya mwisho. Aliposikia injini nyingi namna ile, alilikumbatia sinia kwa macho.

Mdomoni mwa mkondo, Jasib alisimama ndani ya boti yake, mkono juu.

"Polepole, mabwana! Humu ndani kuna malai ya bibi harusi!"

Injini zikashuka, moja baada ya nyingine. Boti zikaingia taratibu, na nyimbo za wanawake zikasikika bwawa zima. Wafiya akapanda bila hata kulowesha pindo la gauni. Nashmiya alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakujifuta.

Asubuhi malai yalikuwa mazima, ukingo hadi ukingo. Jasib aliyapeleka mwenyewe, mkewe pembeni, huku akigeuka nyuma kila mara. Maji yalikuwa yametulia.

"Mmechelewa," alisema mama mkwe wa Wafiya gatini, uso umekunjwa.

"Tumechelewa," Nashmiya alikubali, akafunua sinia.

Mama mkwe alichomeka kisu katikati ya malai, akaachia mkono. Kisu kikabaki kimesimama. Alikitazama, akamtazama Nashmiya, kisha akapiga kigelegele kilichotoa nyumba nzima nje.