Spika ya Nyuma Kushoto

Siku ile nilifunika cherehani mapema, jua likiwa limeanza kulegea, nikaacha pindo la sare ya shule nusu limeshonwa. Nilikuwa nimemwahidi mume wangu kwamba sitarudi mikono mitupu.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori kwa miaka kumi na tisa. Mwaka uliotangulia, kioo cha mbele kilimpasukia usoni, na alipotolewa bandeji hakuona kitu. Kabla ya hapo nilikuwa nikimwita Dereva. Ndilo jina nililompa tangu uchumba, naye akaniita Fundi. Baada ya ajali, jina lile likawa kama chumvi kwenye kidonda, nikaliacha. Yeye hakuacha kuniita Fundi.

Kitu alichokosa kuliko vyote ni sinema. Alikuwa akikaa mbele ya runinga na kukunja uso.

"Sauti zote zinatoka mahali pamoja," alikuwa akilalamika. "Kama watu wamefungiwa ndani ya debe. Nikijua gari linatokea wapi na nani kasimama wapi, nitaona kwa masikio."

Basi nikaingia madukani kutafuta masikio.

Duka la kwanza bei ilinifanya nirudishe mkono kama niliyegusa pasi ya moto. La pili walikuwa na ile spika moja ndefu inayowekwa chini ya runinga. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye miwani kichwani, aliniuliza naitaka ya nani. Nikamweleza.

"Nisikudanganye, dada," akasema. "Hii inatoa sauti mbele tu. Mwenye macho atajidanganya kwamba inamzunguka. Asiyeona hadanganyiki. Tafuta spika tano na sabufa, hata zilizotumika. Mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma yake. Chumba chako kidogo, usihangaike na makubwa."

Akanielekeza kwa Fundi Waya, mtengeneza redio wa mtaa wa nyuma. Fundi Waya hakuwa na seti, ila alimjua mjane aliyekuwa akiuza ya marehemu mumewe, nyumba chache tu kutoka pale.

Mjane alifungua mlango nusu. Ndani kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha. Alizungumza kwa kunong'ona, nami bila kujua nikaanza kunong'ona kama yeye. Spika zilikuwa zimefunikwa shuka. Tano, ndogo, nyeusi, safi, na sabufa yake.

"Naomba tuziwashe nisikie," nikasema.

"Hapa haziwashwi."

"Sasa nitajuaje kama ni nzima?"

"Ni nzima. Ubaya wake si huo."

Nilidhani ni mzaha wa watu wapweke. Na bei aliyotaja ilikuwa ndogo mno, ikaniziba masikio. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Mimi nikajiambia wahenga hawakuwa na mume aliyekaa gizani.

Fundi Waya alikuja kuzifunga kesho yake. Alipanga mbili mbele, moja chini ya runinga, mbili nyuma ya kochi. Ile ya nyuma kushoto ilikaa kwenye rafu kando ya mlango wa roshani. Tulikuwa tukikaa ghorofa ya tatu, na siku hizo roshani haikuwa na vyuma. Mchomeleaji alikuwa amevichukua kwa sababu ya kutu, akatufungia kamba tu. Kwa hiyo mlango ule niliufunga kwa komeo kila wakati.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Mume wangu alicheka kama mtoto gari lilipopita kutoka bega moja kwenda jingine. "Lori hilo," alikuwa akisema. "Gia ya pili. Dereva wake hajui kazi." Nilishona nikimsikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nyumba ilikuwa na watu.

Jioni moja akauliza, "Nani amekaa nyuma yangu?"

"Hakuna mtu."

"Kuna mtu anapumua."

"Ni sinema."

"Sinema imeisha, Fundi. Umezima mwenyewe."

Kweli. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Nikasogea hadi kwenye rafu, nikainama. Kimya. Ila pua yangu ilipata harufu... ile ya udongo uliolowa.

Sikumwambia.

Siku mbili baadaye umeme ulikatika nikiwa jikoni naosha vyombo. Mume wangu alikuwa kwenye kochi, kichwa ameegemeza.

"Endelea kushona," akasema kwa usingizi. "Mlio wake unanituliza."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji. Nikasikiliza.

Tak... tak... tak-tak-tak...

Mlio wa cherehani yangu. Nilikuwa naujua kama mwanamke anavyojua kikohozi cha mwanawe, mpaka ule mkwaruzo mdogo mkanda unapopita kwenye gurudumu. Nikatoka jikoni taratibu. Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa.

Mlio ulitoka nyuma. Kushoto.

Nikauchomoa waya wa spika ile. Mlio ukaendelea kidogo, kama mtu anayemalizia mshono, kisha ukakoma. Niliuzungusha waya mkononi, nikautia kwenye droo ya uzi, nikafunga kwa ufunguo. Nikajisemea kwamba waya umetoka, kwisha habari. Laiti ningelitupa lile dubwana lote siku ile. Lakini mume wangu alikuwa ameanza kucheka, na mimi niliogopa kuirudisha nyumba kwenye kimya kuliko nilivyoogopa kitu nisichokiona.

Kosa langu la pili lilikuwa la kipumbavu zaidi. Kesho yake jioni nilianua nguo roshani, kikapu kikiwa kizito nikaubana mlango kwa kiwiko, nikaenda kuzikunja chumbani. Komeo sikulitia.

Nilikuwa nakunja shuka niliposikia sauti sebuleni.

"Dereva."

Sauti ya mwanamke. Ya upole. Yenye kicheko kidogo ndani yake.

"Dereva wangu, njoo huku. Kuna upepo mzuri."

Nikaliacha shuka.

Ilikuwa sauti yangu.

Ilikuwa sauti yangu ya zamani, ya kabla ya ajali, ya siku nilipokuwa nikimngoja kituoni na mfuko wa machungwa. Nikasikia kochi likilia. Anainuka. Nikasikia nyayo zake zikiburuta sakafuni, kwa ile namna yake ya kupima.

"Hatua tatu tu, Dereva. Nimekushika."

Nilikimbia. Nilipofika sebuleni mlango wa roshani ulikuwa wazi, na mume wangu alikuwa kizingitini, mikono mbele, uso wake umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Mbele yake kamba, na baada ya kamba hakuna kitu.

"Simama," nikasema.

Akasimama. Akageuza kichwa kuelekea kwangu.

"Usimsikilize," ikasema sauti yangu kutoka rafuni. "Ni sinema hiyo. Mimi niko hapa."

"Simama hapo hapo, usisogee."

"Njoo, mpenzi. Mimi ni Fundi wako."

Mume wangu aligeuza kichwa huku na huko. Wanawake wawili, sauti moja, na yeye hana macho ya kuamulia. Kamba ilikuwa hatua moja tu mbele ya goti lake. Nilikuwa hatua saba kutoka kwake, na nilijua nikikimbia atashtuka.

Nikatafuta neno la kumwambia. Neno la mapenzi. Halikuja. Kilichokuja ni hofu, na hofu yangu huwa na mdomo mchafu.

"Wewe mwanaume mkaidi," nikasema, "nimekuambia mara ngapi usiguse mlango huo? Nani atakuzika, na mimi nina sare arobaini za kumaliza? Rudi nyuma. Rudi nyuma kabla sijakuvuta kwa sikio."

Kisha mume wangu akarudi nyuma hatua moja. Mbili. Nikamfikia, nikamkumbatia kiunoni, tukaanguka wote sakafuni. Kutoka rafuni mtu alivuta pumzi ndefu, ya kukata tamaa. Harufu ya udongo ikajaa chumba, kisha ikaondoka.

Tulikaa pale chini mpaka giza likaingia. Mwishowe nikamuuliza alijuaje.

"Ile ilinibembeleza mno," akasema. "Wewe ukiogopa, unagomba."

Baadaye kidogo akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini iliniita Dereva. Ningeifuata popote."

Maneno hayo yaliniuma kuliko yote.

Asubuhi nilimpelekea Fundi Waya ile spika. Alicheka niliposema inazungumza bila waya. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu nne, akainua kifuniko. Kicheko kikamwishia mdomoni.

Ndani hamkuwa na sumaku. Hamkuwa na waya wala koili. Kulikuwa na udongo mweusi, mbichi, umeshindiliwa mpaka juu, na katikati yake kifurushi cha kitambaa cheusi kilichofungwa kwa nywele za mtu.

"Spika hii haiwezi kutoa sauti," akanong'ona. "Haijawahi kuweza."

"Si wewe uliyeifunga? Haikulia ulipoijaribu?"

"Ililia." Alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali, anaendelea kujifuta. "Ililia vizuri kuliko zote."

Hakutaka niiache dukani kwake hata dakika moja. Nikaibeba hadi kwa mjane. Hakunifungulia. Alizungumza kupitia dirishani, pazia likiwa katikati yetu.

"Ilimwita kwa sauti ya nani?" akaniuliza, kabla sijamsalimu.

"Yangu."

"Mume wangu ilimwita kwa sauti ya mama yake," akasema. "Alimpenda sana. Mama alipofariki, akamwendea mtu mmoja, sijui nani, sikutaka kujua. Alitaka amsikie tu jioni jioni, basi. Akamsikia. Walikuwa wakizungumza, mimi nikipika. Kisha mama akaanza kumwita nje."

"Akaenda?"

"Akaenda."

"Na wewe ukaniuzia mimi, bila kuniambia."

"Nilichoka, dada yangu," akasema. Sikusikia ubaya katika sauti yake. Ilikuwa imechakaa tu, kama nguo iliyofuliwa mno. "Baada ya yeye kuondoka, ilianza kuniita mimi kwa sauti yake. Iache hapo mlangoni. Angalau mimi naijua."

Nikaiweka chini. Sikugeuka nyuma, lakini nilipofika pembeni ya barabara nilisikia mlango ukifunguliwa, na mwanaume akicheka ndani. Au redio. Najiambia ni redio.

Zile spika nyingine tulizitoa zote. Sasa mume wangu anasikiliza sinema kwenye runinga, watu wake ndani ya debe, na halalamiki. Vyuma vya roshani vimerudi. Nami nimejifunza tena kumwita Dereva, ingawa mwanzoni tulishtuka wote wawili. Kwa sababu hiyo tumewekeana ahadi: simwiti kabla ya kumgusa. Mkono bega la kulia kwanza, kisha neno. Sauti inaweza kuigwa, tulisema. Mkono ni mkono.

Jana jioni nilishuka kwa jirani kumpelekea gauni lake. Nilichelewa kidogo, tukazungumza ngazini. Niliporudi nilimkuta mume wangu amekaa wima kwenye kochi, mikono magotini, hajawasha runinga.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Ndiyo kwanza nafika."

"Fundi," akasema polepole, bila kugeuza kichwa. "Umesimama wapi?"

"Mlangoni."

Nilianza kusogea.

"Usiingie kwanza," akasema. "Mkono bado uko begani."