Figo Lililochelewa Kuamka

Kila siku alipotoka shule, Jorien alipanda baiskeli yake, akavuka daraja la mto Maas na kwenda moja kwa moja hospitali alikolazwa baba yake. Swali lake lilikuwa lile lile.

"Baba, umekojoa?"

"Salamu kwanza, mwanangu. Matone tu."

Siku nane zilikuwa zimepita tangu Baba apandikizwe figo. Jorien alidhani litaanza kazi papo hapo. Wapi! Baba bado alisafishwa damu kwa mashine, na kila akitoka huko alikuwa hoi.

"Mwenye figo hili alifariki moyo wake uliposimama," Nesi Geertje alimweleza. "Ndugu zake wakaridhia atupe zawadi hii. Lakini figo lilikaa kidogo bila damu, likachoka. Sasa limelala. Mengi huamka yenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Subira, binti."

Subira Jorien hakuwa nayo. Siku hiyo Baba alikuwa amesinzia, na msalani kulikuwa na jagi lake la kupimia mkojo. Jorien akatazama kushoto na kulia, kisha akamimina humo juisi yake yote ya tufaha. Rangi ilifanana kabisa.

Geertje alipolipima jagi, alimwita daktari mbio.

"Mililita mia tatu," Daktari Houben alisema huku akitabasamu. "Basi leo hatuhitaji mashine."

Baba alifuta machozi ya furaha. Jorien naye akalitazama jagi. Baba asiposafishwa damu, sumu ingejaa mwilini. Alilijua hilo vizuri, kwani walikuwa wameishi na ugonjwa huo miaka mitatu. Aliona aibu, na hofu ikazidi aibu.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "ile ni juisi yangu."

Geertje akanusa jagi. "Ni kweli. Nami nikajiuliza mbona leo kunanukia vizuri."

Baba akaanza kucheka, mkono kwenye mshono. "Jamani, msinichekeshe, naumia."

Daktari hakucheka. "Ningemnyima baba yako matibabu kwa ajili ya juisi, Jorien. Umekosa sana. Lakini kusema kweli mbele yetu sote ni kazi ngumu, na umeiweza."

Mashine ikaletwa.

Siku ya kumi na tatu Jorien alimkuta Baba amesimama mlangoni, kifua mbele. Figo lilikuwa limeamka, nusu lita nzima. Geertje aligawa biskuti zenye siagi na punje za sukari, zile zinazoliwa kwao mtoto anapozaliwa, na chumba kizima kikapeana mikono ya hongera.

"Natamani kumshukuru mwenye figo," Jorien alisema.

"Jina lake hatutajiwi," Daktari Houben alijibu. "Lakini ndugu zake walituamini siku mbaya kuliko zote maishani mwao. Mshukuru kwa kuwa mtu wa kuaminika."