Stela na Kadi ya Picha

Msiniambie ni hitilafu ya umeme. Rafiki yangu Stela kanisimulia mwenyewe, kwa simu.

Alijifungia chumbani kwao Tabora, mapazia yameshushwa, akihariri video ya harusi ya kukabidhi jioni ile. Picha zikawa zinakwama.

"Dada, umejitolea kompyuta yako iwafanyie watafiti hesabu, sasa programu yao inakula kadi ya picha, ile inayochora video kwenye skrini," mdogo wake Deus alimcheka. "Iamuru ifanye kazi pale tu ambapo hakuna mtu kwenye kompyuta."

Akaiamuru. Deus akatoka, video ikateleza.

Ghafla, mkono wake ukiwa bado kwenye kipanya, feni ikanguruma kama minyororo inayoburutwa. Programu ya watafiti imeanza, kana kwamba hakuna mtu.

"Niko hapa!" Akaitwanga kibodi kwa ngumi mpaka vidole vikapasuka.

Deus akaingia mbio, akakitazama kiti alichokalia Stela.

"Mama! Stela kaenda wapi? Huku kuna damu tu!"