Televisheni Kwenye Ngazi

Lifti ya wizara ilikuwa imekufa tena, na ukumbi wa mapokezi ulikuwa umefurika: watu wa barua, watu wa mihuri, watu wa kuambiwa "njoo kesho", na watu walioambiwa hivyo jana wakaja kweli. Katikati yao alisimama dada mmoja, mtayarishaji wa tamthilia, amevaa gauni la zambarau lenye mikono mipana na viatu vya kisigino alivyokwisha kuvijutia. Mikononi alikuwa amekumbatia televisheni. Jamani, televisheni nzima, imefungwa kwa shuka la nyumbani!

"Dada, hiyo unaipeleka wapi?" mlinzi akauliza.

"Ghorofa ya saba."

"Lifti mbovu."

"Nimeona. Miguu yangu mizima."

Ilikuwa mizima mpaka ngazi za kwanza tu. Hapo alisimama kuvuta pumzi, jasho likimtiririka, ndipo mwanaume mmoja aliyevaa shati la buluu lenye mikono iliyokunjwa, akashika upande wa pili wa televisheni bila kuombwa.

"Wewe tangulia, mimi nitakuja kwa nyuma. Tukianguka, niangukie mimi."

"Ahsante, kaka yangu. Wewe ni mtu. Siyo kama huyo ninayempelekea."

"Unampelekea nani?"

Loo, alikuwa amemfungulia bomba. Alianza kumweleza tangu ngazi ya kwanza. Yeye ametumwa na chama cha watayarishaji huru wa filamu na vipindi, watu wasio na kituo wala mfadhili, kuja kuisemesha serikali. Huko juu kuna mwanasheria anayeandika rasimu ya sheria mpya ya utangazaji. Amemwandikia barua weee, kimya. Akipiga simu, yuko kwenye kikao.

"Mtu huyo anaishi kikaoni," alisema, akihema. "Mkewe sijui humwona saa ngapi."

"Labda hana mke."

"Na atampata wapi? Nani ampende mtu wa kukaa kimya vile?"

Mwanaume akacheka mpaka televisheni ikayumba. "Na hii televisheni ni ya nini?"

"Wakubwa hawana muda wa kutazama kazi zetu. Basi nimewaletea mezani. Atazame dakika kumi tu, ajue anachokiandikia sheria."

Walipofika juu, yule mwanaume aliegemeza upande wake ukutani, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango.

"Karibu," akasema. "Mtu wa kukaa kimya ndiye mimi. Na mke sina, kama ulivyobashiri."

Mtayarishaji alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lakini mwanasheria alitazama, tena si dakika kumi. Alivuta kiti, akaweka kidevu kwenye viganja, akatazama kipindi kizima. Mama mkwe wa kwenye tamthilia alipommwagia mkaza mwana chai yake chini na kumwambia apike nyingine, mwanasheria aligonga meza.

"Huyu mama nimemchukia! Ni nani?"

"Shangazi yangu."

Na shangazi huyo, kwa taarifa yenu, ni mpole hajapata kutokea. Ila tangu tamthilia ianze kuonyeshwa, sokoni hauziwi nyanya. Wauzaji humwambia aende kwanza akamwombe msamaha mkwewe.

Kilichomtoa mtayarishaji nyumbani na televisheni kifuani ni hiki. Hadithi ile aliitunga mwenyewe, mezani pake jikoni, akaiigiza na shangazi na majirani, akakiuzia kituo kikubwa cha televisheni. Mkataba ulikuwa na maandishi madogo. Sasa kituo kimesema hadithi ni yake, jina ni lake, hata mama mkwe ni wake. Kinatengeneza msimu wa pili kwa watu wengine, na mwanamke mwingine amekwisha kupimwa kilemba. Sheria ya kukizuia haikuwepo. Ilikuwepo rasimu tu, na ndani yake kifungu cha kumi na nne: kituo kinanunua ruhusa ya kuonyesha, basi, hadithi na wahusika vinabaki kwa aliyevitengeneza.

"Kifungu hicho kitapita?" aliuliza siku ile akiondoka.

"Kinapigwa vita. Acha namba yako."

Akaacha. Simu ya kwanza ilikuja jioni ileile.

"Mtayarishaji."

"Mwanasheria! Kumbe unajua kupiga simu?"

"Nauliza tu kama miguu bado mizima."

"Hilo ni swali la kikazi?"

"Serikali inawajali wadau wake."

Zikaja nyingine. Zilianza na kifungu, zikaishia na "umekula?" Zilianza na kamati, zikaishia kwenye mvua, kwenye usingizi, kwenye jina alilomtungia yeye peke yake, Bi Ghorofa ya Saba. Mara mbili walikunywa chai kwenye mgahawa ulio mbele ya wizara. Mwanasheria alimvutia kiti, akampulizia kikombe kilichokuwa cha moto, akamtazama kwa macho yale yanayofanya mtu asahau alichokuwa anasema. Kisha akaanza kuzungumza juu ya kanuni za mikutano! Mtayarishaji alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka.

"Huyo mwanaume anakupenda wewe au anapenda kifungu?" shangazi akauliza, akikatakata vitunguu.

"Sijui, shangazi."

"Si umwulize?"

"Nitamwulizaje? Akisema ananipenda, watasema kifungu nimekipata kwa mapenzi. Akisema hanipendi, nitakuwa nimejiaibisha mimi na chama kizima."

"Na wewe unampenda?"

Alichukua kitunguu, akakimenya nusu. Kisha akasema haraka, kama mtu anayetoa mwiba, "Nampenda, shangazi. Nampenda mpaka nasahau nilikwenda kule kutafuta nini."

"Ehee. Basi mna kazi."

Halafu simu zikakatika. Kikao cha kamati kilikuwa kimekaribia, siku ambayo wadau wote wangezungumza na kila kifungu kubaki au kufutwa. Ndiyo wiki ambayo simu ya mwanasheria iliita bila kupokewa. Mtayarishaji alipiga asubuhi, akapiga mchana. Ikaja meseji moja kavu: "Samahani. Tutaongea baada ya kikao."

"Baada ya kikao!" alimwonyesha shangazi. "Nilimhitaji kabla! Ameniacha kwenye mataa."

Hakujua ashike lipi aache lipi. Asubuhi aliamini kituo kimemtia mwanasheria mfukoni. Mchana aliamini amepata mwanamke mwingine. Jioni aliona yote mawili ni kweli, tena mwanamke mwenyewe anafanya kazi kituoni.

Siku ya kikao ukumbi wa ghorofa ya saba ulijaa. Upande mmoja walikaa watu wa kituo na wakili wao, suti imenyooka, tabasamu limenyooka zaidi. Upande wa pili chama: mwenyekiti wao waliyemwita Kofia, kwa kuwa kofia yake haikuwahi kuvuliwa mbele ya watu, shangazi, aliyevaa kilemba kilekile cha kwenye tamthilia, na mtayarishaji, gauni lilelile la zambarau, viatu safari hii vya chini. Televisheni ilikuwa mezani mbele.

Mwanasheria aliketi karibu na mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani mizito. Hakumtazama mtayarishaji hata mara moja.

"Sasa tusikie watayarishaji huru," mama yule akasema.

Mtayarishaji akasimama. Na mwanasheria naye akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kutoka."

Akakusanya karatasi zake, akapita kando yake karibu kabisa, bila neno, akatoka. Mlango ukajifunga. Mtayarishaji alishikwa na butwaa, mdomo wazi, maneno yote aliyoyakariri yamemkimbia.

Wakili wa kituo aliruka juu. "Mmeona? Hata aliyekiandika kifungu hiki hawezi kukitetea!"

"Keti," mama wa miwani akasema. "Kifungu alikiandika na kukikabidhi zamani. Leo asubuhi ameieleza kamati kwamba ana uhusiano wa karibu na mmoja wa wadau watakaozungumza hapa. Kanuni inamtaka asikae, na wala asiseme."

Ukumbi ukavuma. Kofia alivua kofia.

"Ni wewe?" akamnong'oneza mtayarishaji.

"Sijui!"

"Hujui?"

"Sijui, mwenyekiti, sikuambiwa!"

"Ni yeye," shangazi akasema, kwa sauti ile ya jukwaani iliyofika mpaka dirishani.

Watu wakacheka. Mtayarishaji alisikia uso ukimwaka moto. Furaha? Hasira? Mwanaume yule alikuwa mtu pekee humo ndani aliyekijua kifungu kwa kina, na amemwacha akitetee peke yake. Uhusiano wa karibu! Kamati nzima inaujua, yeye mwenyewe hajausikia. Alitaka kumkimbilia koridoni kule nje, amkumbatie au ampige kofi, angejua akifika. Badala yake akapiga moyo konde, akaziacha karatasi.

"Shangazi, simama waheshimiwa wakuone."

Shangazi akasimama. Mjumbe mmoja alirudisha kiti nyuma kidogo, akasahau kuwa ni maigizo.

"Huyu mama sokoni hauziwi nyanya," mtayarishaji akasema. "Watu wanamchukia kwa maneno niliyoyaandika mimi, jikoni kwangu. Nyumbani ni mpole, hawezi kumfokea hata paka. Sasa kituo kinasema mama huyo si wetu. Wanamtafutia mwili mwingine wa kuvaa kilemba chake. Waheshimiwa, hii ni haki gani? Matusi tubaki nayo sisi, hadithi iwe yao?"

Akawasha televisheni, wakamwona mama mkwe akimwaga chai. Hakuna aliyecheka. Mama wa miwani alivua miwani.

Wakapumzika kidogo, kisha wakaitwa. Kifungu cha kumi na nne kimebaki, mama akatangaza, kinakwenda bungeni. Chama kilipiga vigelegele. Lakini mama aliinua mkono: kitaanza kwa mikataba itakayosainiwa baada ya sheria kupita. Hadithi zilizouzwa, zimeuzwa.

Kofia alimkumbatia mtayarishaji, watu wakampongeza, na machozi yalimtoka bila kujua ni ya upande gani. Wenzake wote wangelindwa. Hadithi yake ilikuwa imekwenda. Shangazi alivua kilemba polepole, akakikunja, akakitia mkobani.

"Tutatunga mwingine," akasema. "Mkorofi kuliko huyu. Nakutangulia chini, magoti yangu hayapendi kusubiri."

Mtayarishaji alipotoka na televisheni kifuani, mwanasheria alikuwa kwenye korido, ameegemea ukuta, tai ameilegeza.

"Nimesikia vigelegele," akasema. "Hongera."

"Usinipe hongera! Umenikimbia mbele ya watu!"

"Nisingetoka, yule wakili angesema kifungu kimeandikwa na mtu uliyemtia mfukoni. Kuna aliyetuona mgahawani. Kingefutwa palepale."

"Na simu? Vidole vilikatika?"

"Nilikatazwa kuongea na mdau yeyote mpaka kikao kiishe. Bi Ghorofa ya Saba, kifungu kile nilikuwa nimekimaliza kabla hujapanda ngazi. Barua zako nilizisoma zote. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakiandika."

"Hadithi yangu imekwenda," akasema. "Unajua? Nimeshinda na nimeshindwa, sijui nilie au nicheke."

"Najua. Nilijaribu kukirudisha nyuma kiguse mikataba ya zamani, kiikute na yako. Haikuwezekana. Inaniuma."

Akamwamini, na kumwamini kulimkasirisha zaidi.

"Halafu hicho ulichowaambia. Uhusiano wa karibu! Uhusiano gani? Mbona mimi siujui?"

Mwanasheria alishika upande wa pili wa televisheni. 

"Ndicho nilichosubiri kukuuliza. Maana ukikataa, nitakuwa nimeidanganya kamati ya serikali."

Kengele ililia. Lifti, ile maiti, ilikuwa imefufuka. Milango ikafunguka mbele yao, tupu, inang'aa. Mtayarishaji aliitazama mpaka ikajifunga tena.

"Tupite ngazi," akasema. "Na uniulize kama mtu anavyomuuliza mtu. Siyo kama sheria."

Wakashuka taratibu, yeye mbele, televisheni katikati. Mwanasheria aliuliza kwenye ghorofa ya tano, vibaya, akirudia maneno. Akauliza tena ghorofa ya nne, vizuri kidogo. Nakupenda. Nimekupenda tangu uliponisema vibaya mbele yangu. Unioe, yaani nikuoe, yaani tuoane. Ghorofa ya tatu mtayarishaji alisimama, wakaishusha televisheni kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze alijua kabisa anachokitaka.

"Ndiyo," akasema. "Lakini haki zote zinabaki kwangu."

"Zote," akasema mwanasheria. "Naomba ruhusa ya kuonyesha tu."

Hapo hawakushuka upesi, tusidanganyane. Walipofika chini hatimaye, gauni limekunjamana, tai haipo, shangazi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mkoba kwapani, mikono kiunoni, na kilemba cha mama mkwe amekirudisha kichwani.

"Haya," akasema. "Mbona mmechelewa hivyo, na lifti inafanya kazi?"