Watu Watatu, Mmoja Hatembei

Ukuta wa sebuleni ulikuwa umelowa hadi kimo cha kifundo cha mguu, pande zote nne, na mstari wa unyevu ulikuwa umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Aliyeuona kwanza ni bibi, maana katika nyumba ile hata sisimizi hakuhama bila bibi kujua. Akaita kuelekea chumba cha nyuma.

"Mwanangu, bomba limepasuka?"

"Maji yamekatika tangu asubuhi, mama. Niache kidogo, nina kazi."

Mwanangu mwenyewe alikuwa mwanamke, fundi wa redio, na kazi yake Jumamosi ile ilikuwa mashindano. Mara moja kwa mwaka, kwa saa ishirini na nne, wenye redio za mawasiliano huitana hewani kwa kushindania alama. Wasiojua huwacheka, watu wazima na mvi zao wanapigia kelele masanduku. Lakini siku mafuriko yanapoangusha minara ya simu, hao wanaochekwa ndio pekee wanaosikika, na mashindano ndiyo mazoezi yao. Ujumbe wa kubuni wa kuomba uokoaji, ukipokelewa na kusomwa upya bila kosa, una alama kumi. Sharti ni moja tu: uanze na uishe kwa neno "zoezi" mara tatu, asije mtu akadhani ni kweli.

Ukiwa na haraka, zoezi mara sita ni nyingi. Na fundi alikuwa na haraka, kwa sababu Mzee Betri, mshindi wa miaka mitano mfululizo, alikuwa amemtangulia tena. Basi saa nane mchana, nusu saa kabla bibi hajaita, fundi akaliacha lile neno. Kwa uvivu wa kutunga, akaieleza nyumba yake mwenyewe: maji yanapanda, ndani mna watu watatu, mmoja hatembei. Asiyetembea alikuwa binti yake wa miaka tisa, aliyevunjika mguu shuleni na sasa amelala na plasta hadi pajani.

Sauti iliyojibu haikutaja jina la kituo. Ilikuwa nzito, yenye adabu, na nyuma yake yalisikika maji.

"Nimekupata. Watu watatu. Mmoja hatembei. Nakuja."

Fundi akajiandikia alama kumi, akaendelea kuita wengine.

Saa kumi ule mstari ukutani ulifika magotini. Sakafu ilikuwa kavu, ungeweza kulalia. Nyumba nzima ikanuka tope na majani yaliyooza. Kisha mtoto akakohoa. Fundi alipofika kitandani alimkuta ameinama, anatema maji ya rangi ya udongo kwenye mto wake.

"Mama, nimekunywa maji. Sijui nimeyanywa wapi."

Fundi hakungoja kuelezwa. Akambeba na plasta yake hadi barabarani, kwenye jua kali, watu wakipita zao na mifuko yao ya sokoni, akamkalisha kwenye kizingiti cha duka, na hapo ndipo alipoona kuwa ule mstari ulikuwa kwenye gauni la mtoto, kiunoni, na ulikuwa unapanda huku nje kama ulivyokuwa ukipanda kule ndani, kidole kwa kidole, bila pupa.

Akarudi ndani mbio, mtoto begani, akimwita mama yake. Kiti cha bibi kilikuwa kitupu na kinachuruzika maji. Viatu vyake vilikuwa chini, vimepangwa. Mlango wa nyuma ulikuwa na komeo lake, kwa ndani.

Redio ikaongea kutoka chumbani.

"Mmoja ametolewa. Wamebaki wawili. Vumilieni."

Fundi akakiparamia kipaza sauti. "Mrudishe! Ghairi ujumbe. Nasema ghairi, mrudishe mama yangu."

Maji tu. Kisha ikaingia sauti nyingine, ya kizee, aliyoijua.

"Fundi, ni mimi, Betri. Nimekusikia unaghairi. Ulisema zoezi?"

"Sikusema, Mzee. Nilikuwa nakukimbiza wewe."

"Amechukua wangapi?"

"Mama yangu. Na mtoto anatapika maji, Mzee, yamemfika kifuani. Nakupigia magoti, nisaidie."

"Sikiliza, binti yangu. Huyo ni jini, na wala hana ubaya na wewe. Ameitwa aokoe, anaokoa, na anaamini kila anachoambiwa. Usimtukane. Msomee ujumbe upya, useme hakuna anayehitaji kuokolewa. Atakurudishia maneno yako, kisha atasema uthibitishe. Hapo utamsikia mama yako."

"Nimsikie vipi?"

"Anakuita, lakini aliyechukuliwa harudi. Usijibu lolote ila neno lile lile, hakuna." Sauti ya mzee ikapungua. "Mimi nami niliwahi kuliacha neno la zoezi, nikaomba aokoe watu wawili. Alipomchukua mke wangu, nikaambiwa nithibitishe, nikamsikia analia, nikasema yupo anayehitaji, mlete. Jini akarudi. Akamchukua mwanangu."

Miaka yote wenzake walimtania kwamba ameoa betri, naye fundi alikuwa miongoni mwa waliocheka. Aibu ilimchoma, ila hakuwa na nafasi ya kuona aibu. Ule mstari ulikuwa shingoni mwa mtoto. Akambana kifuani kwa mkono mmoja, akabonyeza kitufe kwa mwingine.

"Zoezi, zoezi, zoezi. Ujumbe wangu wa saa nane ulikuwa uongo. Nyumba yangu ni kavu. Hakuna anayehitaji kuokolewa. Zoezi, zoezi, zoezi."

"Nimekupata," ile sauti ikasema. "Hakuna anayehitaji kuokolewa."

Mtoto akavuta pumzi ndefu iliyokwaruza, akalia. Unyevu ulikuwa umesimama chini ya kidevu chake. Haukupanda, haukushuka.

"Thibitisha," ikasema sauti.

Na papo hapo, kutoka mbali, katikati ya mvumo wa maji:

"Mwanangu. Niko huku, nimeshika kitu, nadhani ni mti. Maji ni ya baridi mno. Mbona hamnijibu?"

Mtoto akainua uso. "Mama, ni bibi. Bibi anatuita. Mjibu."

Fundi alitaka kulia kwa sauti, alitaka kusema nakuja mama, shikilia hapo hapo, alikuwa na kidole kwenye kitufe na maneno yote yamemjaa mdomoni, na chini ya kiganja chake kingine moyo wa mtoto ulikuwa unadunda mbio.

"Mwanangu, mikono imechoka."

"Thibitisha," sauti ikarudia, kwa upole. "Kuna anayehitaji kuokolewa?"

"Hakuna," fundi akasema, na unyevu ukaanza kushuka shingoni mwa mtoto.

Mama yake alimsikia. Huko kwenye maji, akaacha kuita.