Ukishamgusa ni Wako

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Nangila alimfunga mtoto wake mgongoni kwa leso, akamfunika shali ya manjano, akatoka kwenda kuchukua paka.

Hakuwa mpenzi wa paka. Lakini usiku wa Jumanne panya alikuwa amemng'ata Kevin kidole. Mtoto wa miezi saba! Nangila aliwasha taa akakuta damu kwenye shuka, na panya mkubwa akipanda magunia ya mahindi polepole, kama mwenye nyumba. Alimfunga mtoto kidole kwa kitambaa cha buluu, akakaa macho mpaka asubuhi. Mumewe, Wekoye, alikuwa Kitale akipakia saruji kwenye duka la Vijay, na nyumbani, Ndalu, alirudi Jumapili tu. Siku nyingine zote nyumba ilikuwa ya Nangila, mtoto na panya.

Jirani yake, Sellah, alipoona kile kidole alishika kiuno.

"Mama Kevo, unangoja wamle mtoto mzima? Si uchukue paka, bana! Kwa Jepchirchir viko vitoto vinne. Pita katikati ya shamba la Ndung'u, vuka mto, boma la kwanza mkono wa kushoto."

Mama mkwe naye alipiga simu kutoka Bungoma. "Paka hachukuliwi bure," alisema. "Beba unga wa wimbi, umpe mwenye paka, mbadilishane. Usiende mikono mitupu, mwanangu."

Unga Nangila aliupima vizuri, akaufunga kwenye karatasi, akauweka juu ya kabati. Jioni alipoufuata, karatasi ilikuwa imetobolewa. Panya hawakuacha hata kijiko kimoja. Angeweza kuomba kwa Sellah, lakini Jumatatu alikuwa ameomba chumvi, na jana kiberiti. Aliona haya. Ni paka tu, akasema moyoni. Akaenda hivyo hivyo.

Ilikuwa mwezi wa nane. Mahindi ya Ndung'u yalikuwa yamempita mtu kimo, majani yamefunga njia pande zote mbili. Ndani ya shamba kulikuwa na giza kabla ya giza. Nangila alitembea haraka, majani yakimkwaruza mikono.

Hajafika mtoni, aliona lango mkono wa kushoto.

Lilikuwa lango la mbao, na nyuma yake nyumba ya udongo yenye bati jekundu la kutu. Mwanamke mzee alikuwa amesimama hapo, mkono juu ya komeo.

"Umekuja kuchukua paka," alisema.

Hakuuliza. Alisema tu.

Nangila alitaka kuuliza kama hapo ni kwa Jepchirchir. Lakini mtu mzima ameshakufungulia lango, utaanzaje kumuuliza jina? Aliinamisha kichwa. "Ndiyo, kukhu," akajibu, kama anavyowaita nyanya wote wa kwao.

Uani hapakuwa na kuku. Hapakuwa na mbwa. Hata wale kunguru waliokuwa wakipiga kelele barabarani hawakusikika tena.

Ndani, moto uliwaka kidogo kati ya mafiga matatu. Na palikuwa na harufu... Nangila alisita mlangoni. Haikuwa harufu ya moshi, wala ya paka. Ilikuwa harufu ya mafuta ya mtoto. Yale anayopakwa mtoto mchanga akitoka kuogeshwa.

"Unaishi na wajukuu, kukhu?"

"Niko peke yangu," mzee alisema. "Kaa. Chagua."

Kando ya moto kulikuwa na katoni. Ndani yake vitoto vinne vya paka vililala vimebanana: mweusi mmoja, wawili wa madoadoa, na wa kijivu mwenye macho mapana. Nangila alimpenda yule wa kijivu. Alinyoosha mkono kumchukua, lakini mweusi aliamka, akamshika kidole kwa miguu yote miwili ya mbele.

"Huyo basi," mzee akasema.

"Nilikuwa nataka wa kijivu, kukhu."

"Ukishamgusa ni wako."

Mzee alimtia yule mweusi kwenye kigunia kidogo, akafunga mdomo wa kigunia kwa kamba. "Asione njia," alieleza. "Paka akiona njia anarudi kwao." Hilo Nangila alilijua. Hata kwao hufanya hivyo.

"Mama yao yuko wapi?" aliuliza, kwa kuwa kimya kilikuwa kinamwelemea.

"Anakuja."

Mzee alisugua viganja vyake. "Haya. Umeniletea nini?"

Uso wa Nangila uliwaka moto. "Nisamehe, kukhu. Nilikuwa na unga. Panya walikula."

"Mikono mitupu."

"Nitaleta kesho, kukhu. Kweli."

Mzee alizunguka, akasimama nyuma yake. Nangila alisikia vidole vikigusa shali taratibu. Kisha mzee akacheka, kicheko kidogo kizuri cha nyanya.

"Mikono mitupu, lakini mgongo umejaa. Huyu ni bwana yangu. Nitabaki naye."

Nangila alipumua. Huo utani aliujua. Sokoni, kanisani, kliniki, kila nyanya aliyemwona Kevin alisema vivyo hivyo: huyu bwana yangu, leo naenda naye. Na kila mama hucheka na kujibu, mchukue tu. Ndiyo adabu. Hakuna nyanya aliyewahi kumchukua mtoto wa mtu.

"Mchukue tu, kukhu," alisema, akacheka.

"Tumebadilishana?"

"Tumebadilishana."

Mzee aliivuta shali, akamfunika mtoto kichwa chote. "Baridi," alisema. Akawasindikiza hadi langoni.

Nangila aliingia kwenye mahindi, kigunia mkononi. Alihesabu hatua ili asiogope. Alipofika mia mbili alitazama mbele, akitegemea kuona barabara na taa ya duka.

Aliona lango.

Alisimama. Lango lile lile, bati lile lile. Labda amekata kona vibaya. Aligeuka, akashika njia nyingine, safari hii akikimbia kidogo. Majani yalimpiga usoni. Mahindi yalikuwa yamesimama karibu zaidi, au njia ilikuwa imepungua... Akatoa simu. Haikuwa na mtandao. Akamulika chini, akafuata nyayo zake mwenyewe.

Nyayo zilikwenda zikaishia langoni.

"Yesu wangu," alinong'ona.

Ndipo akasikia mngurumo. Mdogo, wa raha, kama wa paka aliyeshiba. Nangila alikishika vizuri kigunia. Angalau paka yuko salama, aliwaza. Lakini kigunia kilikuwa kimetulia. Kilikuwa chepesi mno.

Mngurumo ulitoka mgongoni.

Alibaki palepale. Mikono ikafungua fundo la leso yenyewe, kama mikono ya mtu mwingine. Alimzungusha mtoto mbele, akaifunua shali.

Macho mapana yalimtazama. Yule wa kijivu.

Alikifungua kigunia. Ndani mlikuwa na maganda ya mahindi, basi.

Alirudi akikimbia. Safari hii njia ilikuwa fupi sana. Aliusukuma mlango, akamweka paka chini, akaanguka magoti.

Mzee alikuwa ameketi kando ya moto, akijipaka mafuta viganjani.

"Nimemrudisha, kukhu. Nipe mtoto wangu."

"Ulisema tumebadilishana."

"Nilikuwa natania! Wewe ulikuwa unatania, kukhu, watu wote wanatania hivyo..."

"Watu wote," mzee alisema kwa upole. "Mimi nani alikuambia natania?"

Nangila aliinuka kwenda mlangoni kuita watu. Mlango ulikuwa wazi, lakini mahindi yalikuwa yameufikia. Yalikuwa yamesimama kizingitini, shina kwa shina, na kati yao hapakuweza kupita hata mkono. Akageuka dirishani. Majani yalikuwa yakigusa kioo.

"Mahali pa kwenda hakuna," mzee alisema. "Usijichoshe. Tena mama yao ameshafika."

Juu ya boriti, gizani, kitu kilijigeuza. Vumbi likadondoka motoni. Nangila aliona macho mawili ya kijani, na nafasi iliyokuwa kati ya jicho na jicho ilikuwa pana kuliko kichwa cha mtu.

"Kukhu, nakuomba. Nina huyo mmoja tu."

Mzee akaisukuma katoni kwa mguu hadi kwenye mwanga.

"Mimi si mchoyo. Wewe si ulikuja kuchagua? Chagua."

Ndani ya katoni hamkuwa na paka tena. Mlikuwa na watoto wanne. Wanne, katika shali nne za manjano.

"Hapana..."

"Mmoja ni wako. Na sheria unaijua."

Nangila aliirudisha mikono yake kifuani upesi, isije ikagusa kitu. Aliinama. Watoto walianza kulia, na wote walilia kwa sauti ya Kevin, ile ya kukwaruza kidogo mwishoni. Mikono minne midogo ilitoka kwenye shali. Kila mmoja ulikuwa na kidole kilichofungwa kitambaa cha buluu, na kila fundo lilikuwa fundo lake mwenyewe, alilolifunga kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukimshikilia mtoto.

"Kevo," alinong'ona. "Kevo wa mama."

Wote wanne wakanyamaza kwa pamoja. Wakamtazama.

Juu, boriti ililia. Kitu kilikuwa kinashuka.

"Haraka," mzee alisema. "Mama yao ana njaa."

Nangila aliwatazama mmoja mmoja. Alitafuta alama ya chanjo. Wote walikuwa nayo. Alitafuta jino moja la chini. Wote walikuwa nalo. Watatu walianza tena kulia na kumnyooshea mikono. Wa nne, wa pembeni, hakunyoosha mkono. Hakulia. Alikuwa akiangalia juu ya boriti, mdomo wazi, akitetemeka mwili mzima.

Mwanangu angeogopa, Nangila aliwaza. Mtoto wa mtu angeogopa.

Au huyo ndiye anayemtazama mama yake?

Hakuwa na muda wa kulimaliza wazo hilo. Pumzi ya moto ilimgusa shingoni. Alifumba macho, akamshika wa pembeni.

"Umegusa," mzee alisema.

Watatu waliobaki wakapiga yowe moja. Nangila alikimbia. Mahindi yalimwachia. Hatua thelathini, hamsini, na akaangukia barabarani, mbele ya tochi ya Sellah.

"Mama Kevo! Ni nini, ati unakimbia hivyo? Jepchirchir amenipigia, anasema amekungoja mpaka amechoka!"

Ilikuwa saa moja na dakika kumi tu.

Wekoye alifika kesho yake asubuhi. Yeye na Sellah walienda shambani na kurudi. Walisema kabla ya mto kuna nyumba kweli. Ni stoo ya mbolea ya Ndung'u, yenye kufuli lililoshika kutu, na hakuna mtu anayekaa humo. Wekoye alisema alichungulia dirishani akaona magunia. Baadaye sana, wakiwa wawili tu, Sellah alimwambia Nangila kwamba mle ndani mlinukia vizuri, kama mtoto aliyetoka kuoga. Tangu siku hiyo hapiti tena njia ile. Mama mkwe, alipoambiwa kwa simu, aliuliza neno moja: "Ulijibu?"

"Nilijibu, mama."

Mama mkwe akaanza kulia.

Kliniki walisema Kevin ana afya. Uzito umeongezeka, kidole kimepona. Anacheka. Anamwita baba yake "ta-ta". Wekoye anamrusha juu na kumdaka, na anasema mke wake alipotea mahindini akaingiwa na woga, basi. Amepata chumba Kitale karibu na kazi, na anataka wahame mwezi huu.

Nangila amekataa. Wekoye anauliza kwa nini.

Kwa sababu kila jioni, saa kumi na mbili, anapoketi kumnyonyesha mtoto, kilio huanza shambani. Ni cha mbali, cha kukwaruza kidogo mwishoni.

"Ni paka tu," Wekoye husema. "Paka hulia kama watoto, hujui?"

Maziwa ya Nangila huanza kutoka yenyewe, pande zote mbili, yakalowesha blauzi. Yanatoka kwa sababu ya kile kilio. Na mtoto aliye mapajani huacha kunyonya. Hutulia, husikiliza. Kisha huishika blauzi ya Nangila kwa ngumi zake zote mbili, kwa nguvu ambayo mtoto wa umri huo hana, na kumtazama usoni mpaka kilio kinyamaze.

Jana kilio hakikunyamaza. Kiliendelea hadi giza likaingia, kikififia, kama cha mtoto anayechoka. Nangila alisimama, akafika mlangoni, akashika komeo.

Ngumi mbili ndogo zilikaza.

Hakufungua.