Mguno Ndani ya Jeneza la Bibi

Kila asubuhi, kabla msumeno haujaanza kulia, mke wa seremala alisali. Kisha alishika ufagio. Alifagia karakana ya mumewe kuanzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Vumbi la mbao lilipanda hewani kama moshi, likazunguka, kisha likashuka tena palepale. Naye akalifagia tena. Majirani walimwita Mama Ufagio, na hakuona ubaya.

Karakana hiyo ilikuwa ya majeneza. Mumewe, aliyeitwa Fundi na kila mtu, alipasua mbao, akapiga randa, akapaka vanishi. Kazi ya Mama Ufagio ilikuwa ya mezani. Alikuwa na kompyuta mpakato, ile ndogo inayofunguliwa na kufungwa kama kitabu. Ndani ya kompyuta hiyo aliandika majina ya marehemu na tarehe zao, kwa ajili ya vibao vya kubandika juu ya majeneza. Aliitunza kama mboni ya jicho.

Kwa nyuma, karibu na ukuta, lilikaa jeneza moja lisilouzwa. Lilikuwa la Bibi, mama mzazi wa Fundi. Bibi alikuwa mzima wa afya. Aliliagiza mwenyewe kwa mwanawe.

"Nataka kuliona kabla halijaniona," alisema.

Alichagua mbao. Alichagua pamba nyeupe ya kutandika ndani, na kitambaa laini cha kuifunika. Mara kwa mara alikuja kulikagua.

"Mama, unakagua nini?" Fundi alimtania. "Halina miguu hilo."

"Nakukagua wewe. Usije ukaniambia siku ya siku kwamba umempa mteja, mimi nisubiri lingine."

Mama Ufagio naye alikuwa na jambo lake, na hakumwambia mtu. Jioni, kazi ilipokwisha, aliogopa wezi na aliogopa vumbi. Alitafuta mahali salama pa kuweka kompyuta yake, akapapata. Aliifunga, akainua kifuniko cha jeneza la Bibi, akailaza juu ya pamba, akafunika.

"Mwizi gani atafunua jeneza?" alijiambia. Akamwomba Mungu msamaha, akaenda jikoni.

Jioni moja Bibi aliingia karakana peke yake. Fundi alikuwa amekwenda kupeleka mzigo. Misumeno ilikuwa kimya. Bibi alikaa kwenye kigoda kando ya jeneza lake, akapumzisha miguu, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

Ndipo akasikia.

"Mmmmm..."

Sauti ilianza chini, kama ya mgonjwa anayetaka kuomba maji. Ikapanda. Kisha ikaanza kukwaruza, krr, krr, krr, kama kifua kilichojaa. Mbao ilitetemeka chini ya kiganja chake. Tena ilikuwa na joto. Halafu sauti ikakatika ghafla, katikati ya pumzi.

Bibi alirudi nyumbani akitembea polepole. Alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Linaniita," alisema.

"Nini, Mama?"

"Jeneza langu. Linapumua."

Sufuria nusura imponyoke Mama Ufagio. Asubuhi yake alikwenda kulifunua jeneza, sala ikiwa mdomoni. Hakukuwa na kitu ndani ila kompyuta yake. Aliibonyeza iwake. Haikuwaka. Betri ilikuwa tupu, naye aliiacha imejaa. Nani aliitumia humu ndani, gizani?

Aliificha siri hiyo. Angeanzaje kusema? Kwamba kila siku analaza chombo chake mahali ambapo mama mkwe atalala milele? Aliichaji kompyuta, akafanya kazi, na jioni akairudisha palepale. Hakuwa na mahali pengine.

Fundi aliposikia habari za Bibi, alicheka. "Mama, majeneza nimetengeneza tangu ujana wangu. Hakuna hata moja lililowahi kunisalimia."

Jioni hiyohiyo likamsalimia. Alikuwa anaokota misumari sakafuni, mkewe akining'iniza ufagio.

"Mmmmm... krr, krr, krr..."

Misumari ilimtoka mkononi. Mume na mke walitazamana. Hakuna aliyethubutu kusogea. Sauti ilipanda, ikakwaruza, ikakatika. Fundi alitoka kinyumenyume, akamvuta mkewe, akafunga mlango kwa kufuli.

"Kesho nalichoma moto," alisema alipofika nyumbani.

"Ulichome, halafu unizike kwenye gunia?" Bibi alimjibu. "Liache. Anayeitwa ni mimi, siyo wewe."

Karakana ilibaki imefungwa. Mguno haukusikika tena. Hilo ndilo lililowatisha zaidi.

"Limenyamaza kwa sababu nimeitika," Bibi alisema. Alipanda kitandani, akageukia ukuta.

Tangu hapo hakutaka kula. Chai ilipoa kando ya kitanda. Mkate ulikauka. Alimwita mjukuu wake akampa shali. Alimwita jirani akampa sufuria zake mbili kubwa. Sauti yake ilianza kuwa ndogo, kama inatoka chumba cha pili. Muuguzi alikuja, akampima, akatikisa kichwa.

"Sioni ugonjwa," alimwambia Fundi nje ya mlango. "Lakini mtu asipokula, kutokula kwenyewe ni ugonjwa. Mwili wake hauna akiba. Mkimwacha hivi, atawatoka."

Mama Ufagio alipiga magoti jikoni. "Mungu wangu," alisali, "kama kosa ni langu, nihukumu mimi. Usimchukue Mama."

Fundi alimwita dada yake mkubwa. Dada huyo aliishi upande wa pili wa mji, na kazi yake ilikuwa kutengeneza simu na kompyuta. Yeye na Mama Ufagio ni mawifi, na kwa kawaida utani wao husikika nyumba ya tatu. Siku hiyo hakukuwa na utani. Wifi alimwangalia mama yake, akatoka na macho mekundu, akakaa jikoni. Mama Ufagio alishindwa kujizuia. Alilia, akamwambia yote.

Wifi aliinua kichwa.

"Ngoja kwanza. Hiyo laptopu uliizima?"

"Niliifunga."

"Sikukuuliza hivyo. Kufunga si kuzima. Wewe ukifumba macho umekufa?"

"Sijafa."

"Haya. Ukizifunga hizi, nyingine hulala. Nyingine huendelea kufanya kazi zake gizani, nawe hujui. Uliilaza juu ya nini?"

"Pamba."

"Na kitambaa?"

"Na kitambaa."

"Na kifuniko juu?"

"Na kifuniko."

"Wifi," alisema yule dada, "umeizika ikiwa hai."

Mama Ufagio aliacha kulia. Wifi alimweleza. Ndani ya kompyuta kuna feni ndogo. Kazi yake ni kusukuma joto nje, kupitia matundu ya chini na ya ubavuni. Matundu yakizibwa, joto halina pa kutokea, na feni hukimbia kwa nguvu zake zote. Ikiwa imejaa vumbi, na mafuta yake yamekauka, huguna na kukwaruza. Jeneza ni sanduku tupu, kwa hiyo likaikuza sauti kama ngoma.

"Na kile kimya?" Mama Ufagio aliuliza.

"Joto likizidi, mashine hujizima isiungue. Au betri huisha. Mlipofunga karakana, nani angeichaji?"

"Mbona sikuisikia mchana nikifanya kazi?"

"Msumeno wa mumeo unasikika hadi sokoni. Feni utaisikia wapi?"

Walikwenda karakana pamoja. Kufuli lilikuwa baridi. Ndani, vumbi lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, bila alama hata moja ya mguu. Mama Ufagio hakuweza kugusa kifuniko. Wifi alikiinua. Kompyuta ilikuwa imelala juu ya kitambaa cheupe, nyeusi na kimya.

Nyumbani walimweleza Fundi yote, wakaiunganisha na umeme, wakaiwasha juu ya meza ya sebuleni. Haikuchukua muda.

"Mmmmm... krr, krr..."

Mama Ufagio alishika kifua. Ilikuwa sauti ileile. Kitanda cha Bibi kililia chumbani.

"Mmelileta mpaka ndani?" sauti ndogo iliuliza.

"Ni feni ya kompyuta, Mama," Fundi alimwambia.

"Mnanitafutia maneno ya kunifariji. Niacheni."

Wifi alifikiri kidogo. "Haya. Tutaitengenezea chumbani kwake," alinong'ona. "Asikie mwenyewe."

Waliweka meza ngumu dirishani mwa Bibi. Bibi hakugeuka. Wifi alizima kompyuta kabisa, akachomoa waya wa umeme. Alimkabidhi Mama Ufagio bisibisi ndogo.

"Fungua wewe. Mimi sitakuwa hapa kila siku. Lakini sikiliza: mashine ikiwa mpya na ina dhamana, usiifungue. Irudishe dukani."

Mama Ufagio alifungua skrubu za chini. Kila moja aliiweka juu ya karatasi, mahali palepale ilipotoka, kwa sababu nyingine ni fupi na nyingine ni ndefu. Wifi alimwambia aguse kwanza chuma cha dirisha, umeme wa mwilini usije ukaharibu vitu vya ndani. Kisha akamwonyesha waya wa betri, akauchomoa taratibu.

Feni ilikuwa pembeni, duara kama kifuniko cha chupa ya uji wa mtoto. Haikuonekana vizuri. Ilikuwa imevaa koti la vumbi. Mama Ufagio alijaza hewa mashavuni.

"Usipulize!" Wifi alisema. "Pumzi ina mate, na mate ni maji. Shika mapanga yake kwa kidole yasizunguke, halafu tumia brashi laini, kavu."

Alipiga brashi polepole. Baina ya feni na vile vibati vyembamba vya kutolea joto, brashi ilinasa kitu. Wifi akakivuta kwa kibano. Kilitoka kizima, kama kipande cha blanketi. Unga wa mbao ulikuwa umeshikana na nyuzi nyeupe.

Wakati huo Bibi alikuwa amegeuka. Hakuna aliyemwona akigeuka.

"Hiyo ni pamba yangu," alisema.

Mama Ufagio alipiga magoti kando ya kitanda.

"Ndiyo, Mama. Niliificha kompyuta ndani ya jeneza lako. Nisamehe."

Bibi alikitazama kile kipande. "Kwa hiyo kabla yangu alilala mwingine."

"Alilala, Mama."

"Na pamba yangu ikamkaba." Bibi alivuta shuka hadi kidevuni. "Endeleeni. Nisikie kama ni yeye."

Wifi alichomoa waya wa feni, akaitoa. "Hii ni ya aina ambayo gurudumu lake la mapanga huchomoka ukilivuta juu, wima. Nyingine zimezibwa. Ikikataa, usiilazimishe." Gurudumu lilitoka. Katikati yake palikuwa na kipini chembamba, kimezungukwa na weusi mkavu. Mama Ufagio alikifuta kwa kitambaa safi, akafuta na kitundu chake.

"Sasa mafuta," Wifi alisema.

Mama Ufagio alikimbia jikoni, akarudi na chupa.

"Wifi! Ya kupikia? Unataka kuikaanga? Hayo huganda, na huita vumbi lote la mji. Tunataka mepesi, ya mashine."

"Hatuna."

"Ya cherehani yangu yapo chini ya kitanda changu," Bibi alisema. "Kwenye kopo. Sikuyagawa."

Wifi aliyachukua. Alichovya ncha ya bisibisi, na tone kubwa likaanza kuning'inia.

"Hapana, hapana." Bibi alijisukuma, akakaa. "Wewe unanywesha ng'ombe. Nipe."

Walimsogezea. Vidole vyake vilikuwa vimekonda, lakini vilijua kazi. Alichukua sindano, akaichovya, akagusisha ncha yake kwenye kitundu. Tone moja dogo liliingia.

"Moja tu?" Fundi aliuliza.

"Moja tu, kaka," dada yake alijibu. "Yakizidi yatamwagika na kushika vumbi upya."

Walirudisha gurudumu. Mama Ufagio alilisukuma kwa kidole, likazunguka bila kukwama. "Lingekuwa linayumba, au panga limevunjika, tungenunua feni nyingine," Wifi alisema. Walirudisha feni na waya wake, waya wa betri, mfuniko, na skrubu moja moja kutoka kwenye karatasi. Mama Ufagio aliiunganisha na umeme, akasema sala fupi, akabonyeza.

Kioo kiliwaka. Walisubiri. Bibi aliegemeza sikio mezani. Kulikuwa na mvumo mwembamba tu, kama mtoto anayelala.

"Nilale nayo juu ya kifua?" Bibi aliuliza.

"Hata hapo hapana, Mama," Wifi alisema. "Kwenye kitanda, kwenye nguo, kwenye mto, hapana. Ni mahali pagumu tu, matundu yapate hewa."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Alifuta mafuta kwenye kidole, akatazama chai iliyopoa.

"Basi aliyekuwa mgonjwa ni huyo," alisema. "Mna chochote cha kula humu ndani, au mlishagawana vyote pamoja na sufuria zangu?"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka.

Alipofungua karakana tena, alimtengenezea mkewe kabati dogo la mbao, mbali na msumeno, lenye rafu ngumu na matundu ya hewa kwa nyuma. Mama Ufagio huzima kompyuta kabisa kabla ya kuiweka humo. Hunyunyizia maji sakafuni kabla ya kufagia, ili vumbi lisipande. Na kila baada ya miezi michache hufungua skrubu na kupitisha brashi. Mafuta hutia pale tu feni inapoanza kukwaruza. Mashine haijaguna tena.

Bibi alinenepa kidogo. Jirani alirudisha sufuria bila kuombwa. Jioni moja, misumeno ilipokuwa imenyamaza, Mama Ufagio alimkuta Bibi amesimama nyuma ya karakana, sikio lake limegusa kifuniko cha jeneza.

"Mama," aliita kwa wasiwasi, "unasikia nini?"

Bibi alisikiliza kidogo zaidi. Kisha aligonga mbao kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu.

"Sisikii kitu," alisema. "Vizuri. Lisubiri."